Somo Moja Lililobaki

Natta, Jumapili jioni

Ghati mwanangu,

Kuna kicheko chako kimoja ambacho hakijanitoka masikioni tangu Pasaka. Si kile unachonipa mimi. Cha kwangu nakijua: kifupi, cha adabu, cha mtu anayefunga mlango taratibu. Hiki kilikuwa kingine. Nilikuwa nje ya jiko la bibi yako kule Nyanungu, nimetoka kunawa, na wewe ulikuwa ndani unasonga ugali. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye sufuria ya mboga, na shangazi yako Bhoke alikuwa akiongea kutoka Mwanza, sauti imefunguliwa mpaka mwisho.

"Mama yako angekuwa daktari," alisema, "mgonjwa asingepewa hata panadol mpaka aonyeshe njia, kama kwenye hesabu zake."

Ukacheka mpaka mwiko ukakuponyoka. Bibi naye akasema, "Mwacheni mokamona wangu," lakini na yeye alikuwa anacheka. Mimi nilisimama pale mpaka mikono ikakauka yenyewe. Kisha nikarudi kunawa tena, nipate sababu ya kuchelewa.

Sitakuandikia mahali pa kuficha nauli wala namna ya kukaa na wasichana wenzako bwenini. Hayo tumeyasema mpaka umeyachoka. Tranka limefungwa, na kesho asubuhi basi la Arusha litakuchukua hapo barabarani. Nataka kuandika juu ya kicheko kile na juu ya PCB, kombi yako ya kidato cha tano. Kwangu mambo hayo mawili ni jambo moja, na wewe ulilijua kabla yangu.

Unajua tulivyoingia katika nyumba ile, lakini umesimuliwa na bibi yako, na bibi husimulia kama mtu aliyetoka kushinda mnadani. Sikia na kwangu.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mimba yako. Mwanaume mwenyewe alikuwa mgeni, alikuja kwa ajili ya dhahabu, na dhahabu ilipohama na yeye alihama. Baba yangu hakunipiga. Aliacha kunisemesha, nikaona bora angenipiga. Ndipo bibi yako akaja. Alikuwa na mabinti watupu, hana mwana wa kiume hata mmoja, na kwa mila yetu mwanamke kama huyo anaweza kutoa ng'ombe wake akaoa msichana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Mokamona ni mke wa mwana. Mwana mwenyewe, kwangu mimi, hakuwahi kuzaliwa. Bibi hakukubali hata kukaa kwenye kiti. Alimwambia baba yangu akiwa amesimama:

"Nasikia una binti na una aibu. Nipe vyote viwili. Kwangu hicho cha pili tutakiita mjukuu."

Ulipoacha kunyonya alinikuta kisimani nafua nguo zako. "Mtoto ana nyumba sasa," akasema. "Wewe rudi shule. Nilitoa ng'ombe nipate mtu mwenye akili. Wa kufua ningempata kwa bei ya mbuzi."

Wanangu wa darasani wananisifu kwamba nimesoma nikiwa na mtoto. Ukweli ni kwamba nimesoma bila mtoto. Mtoto alikuwa Nyanungu, mgongoni kwa bibi. Ulitembea sipo. Jino la kwanza liling'oka sipo. Nilipokuja likizo ulijificha nyuma ya kanga yake ukaniita "Mwalimu," kwa sababu ndivyo watu walivyokuwa wakinitania, na wewe hukujua kama ni utani. Bibi alicheka na mimi nikacheka. Usiku nilihesabu mara ulizomwamsha yeye badala ya kuniamsha mimi, nikaacha kuhesabu kwa sababu hukuniamsha hata mara moja.

Sasa Bhoke. Ni kitinda mimba wa bibi, kwa hiyo kwangu ni wifi na kwako ni shangazi. Nyuma yangu kwa mwaka mmoja tu. Ule mwaka niliokaa nakunyonyesha ukatusawazisha, tukapelekwa kidato cha tano pamoja, shule moja ya binafsi Musoma. Nani alikuwa na Biolojia nzuri kati yetu? Mimi. Sisemi kwa kujisifu. Muulize yeye mwenyewe, hawezi kukataa. Nilitaka udaktari tangu shule ya msingi, tangu siku niliyomwona mkunga akigeuza mtoto tumboni kwa jirani yetu kwa viganja tu, na kesho yake mama yule yuko shambani anatutania.

Siku ya kuandikisha kombi tulipanga foleni mbele ya meza ya mwalimu wa taaluma. Bhoke alikuwa mbele yangu. Likizo nzima bibi alikuwa amemwita "daktari wangu." Kisha alikuwa akinigeukia mimi: "Na wewe je, mokamona?" Nilikuwa nikisema nitafikiria.

Bhoke akafika mezani. "PCB."

Mwalimu akaandika, akainua macho. "Na wewe?"

"PCM," nikasema.

Sikuwa nimelipanga neno lile. Lilitoka lenyewe. Sikutaka kukaa dawati la nyuma ya Bhoke miaka miwili. Sikutaka bibi atuulize kila likizo nani amempita mwenzake, binti wa tumbo lake au binti wa ng'ombe wake. Nikachukua Hisabati, nikaacha Biolojia mezani pale kama mtu anayeacha chakula kwa sababu tu mgeni asiyempenda ameshanawa.

Unajua kilichoniumiza zaidi? Nilisifiwa. Msichana, tena mwenye mtoto, kachukua PCM! Mkuu wa shule alinitaja mstarini. Nilikuwa na wivu mtupu, na watu wakanipigia makofi wakidhani ni ujasiri. Ukisifiwa kwa kosa, Ghati, huwezi kulirekebisha, maana itabidi urudishe na sifa.

Sitaki ufikiri hisabati imenitesa. Ilinipokea. Nilipata alama za kutosha kuwa mwalimu, si za kutosha kuwa mhandisi, na ualimu wangu sio wa kubahatisha. Kuna asubuhi darasa zima linaelewa kitu kwa pamoja, unawaona mabega yanashuka, na siku hiyo sibadilishani na mtu. Lakini Bhoke akija Nyanungu mwisho wa mwaka na koti lake jeupe limekunjwa kwenye mkoba, huwa najikuta nalitazama koti, yeye simtazami.

Nilipokuchukua uje kuishi na mimi hapa Natta, ulikuwa darasa la tano. Bibi hakulia. Alikufungia kuku mguu kwa kamba, akakukabidhi: "Huyu asiliwe. Atage." Nikadhani ni zawadi. Baadaye nilielewa kwamba alitaka pawe na kitu cha kwake kinachopiga kelele katika uwanja wangu kila alfajiri, na kweli, vifaranga wa vifaranga wa kuku yule bado wanatuamsha.

Nimekaa na wewe miaka yote hii kwenye meza hii, nakufundisha milinganyo. Tulikuwa na furaha yetu. Ulikuwa unapenda kutafuta njia fupi kuliko yangu, ukiipata unapiga meza. Halafu mwaka mmoja shangazi akaja, akakuvalisha kile chombo chake masikioni, akakuacha usikilize moyo wa mbuzi wa bibi. Mara moja! Ukarudi Natta unasema, "Mama, nataka udaktari." Sikulala vizuri. Nilikuwa nimekupa miaka, yeye amekupa mbuzi.

Huo ni wivu wa kwanza na nadhani umeuzoea. Wa pili ni mgumu zaidi kuuandika, kwa sababu ni juu yako wewe.

Matokeo yako yalipotoka nilipiga vigelegele ofisini mpaka mwalimu wa Kiswahili akaziba masikio. Fizikia A, Kemia A, Biolojia A, Hisabati A. Walimu walinichangia soda. Kisha nikaingia stoo ya maabara nikakaa juu ya kreti, kati ya chupa, nikatazama ukuta. Nilikuwa naona meza ile ya Musoma. Milango yote miwili ilikuwa wazi mbele yako, na kwenye foleni yako hakukuwa na mtu wa kukukera. Nikauliza, kwa nini yeye? Juu ya mwanangu wa kuzaa. Niliposimama nilikuwa nimetulia, nikaja nyumbani nikakukumbatia, na kumbatio lile lilikuwa la kweli pia. Sijui mambo mawili kama hayo yanakaaje kifua kimoja, lakini yalikaa.

Ndiyo maana Pasaka ilipopita nikaanza na habari za PCM. Unakumbuka. Ulikuwa unachambua dagaa hapo mlangoni.

"Hisabati inafungua mengi," nikasema.

"Udaktari haifungui."

"Na uhandisi? Si wewe ulisema unataka kutengeneza mashine?"

Ulisema hivyo kweli. Ilikuwa tulipompeleka mtoto wa jirani kituo cha afya, ukaona ile mashine ya kupashia watoto njiti joto imesukumwa kwenye kona, imefunikwa kitenge, inangoja fundi. Njia nzima ulikuwa unauliza mashine ile ina nini ndani. Ukasema daktari bila fundi ni mtu wa kupeana pole. Nililishika neno hilo kama silaha, nikalitunza, na siku ile nikalitoa.

Ukaweka ungo chini. "Mama, wewe hutaki niende PCM. Unataka tu nisiende upande wa shangazi."

"Nenda kaangalie maharage," nikakuambia.

Hapakuwa na maharage jikoni siku ile. Ulikwenda hivyo hivyo, ukakaa huko muda wa kuivisha maharage.

Nimeamua kukuambia na lililofuata, maana usingelijua kamwe. Siku za kubadilisha tahasusi zilikuwa hazijaisha. Mimi ndiye niliyekusaidia kuingia kule mtandaoni mara ya kwanza, na kila kitu chako nilikuwa nacho. Nilikaa nyuma ya nyumba, mahali pale simu inaposhika, nikafungua, nikafika mpaka penye PCB yako. Nikabonyeza pa kubadilisha. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, ukakata. Ningependa kuandika kwamba niliacha kwa sababu ya upendo. Niliacha kwa sababu ya mtandao. Mtandao uliporudi, nilikuwa nimeshakaa muda wa kutosha kuviona vidole vyangu, na vilikuwa vidole vya yule msichana wa Musoma. Nikafunga simu. Jioni hiyo nilikukaangia mayai mawili na hukuuliza kwa nini.

Sikutosheka. Mwezi wa tano nilikwenda Nyanungu peke yangu, nikakuambia nina semina. Nilikwenda kumshitaki Bhoke kwa mama yake. Nilimkuta bibi anaanika mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na sura hiyo, nani amekufa?"

Nikamwaga yote. Kwamba Bhoke anamvuta mtoto. Kwamba yeye bibi alimlea Ghati na sasa binti yake anammalizia. Kwamba mimi katika nyumba hii sikuachiwa kitu. Alinisikiliza huku akisambaza mtama kwa mguu, akigeuka na kurudi, kisha akasimama.

"Sasa unataka nini? Nimvunje Bhoke mguu ili mtembee sawa?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema hivyo tangu mko Musoma. Unadhani sikuona? Yule alisema PCB, wewe ukakimbilia huko kwingine. Mimi sijui hizo herufi, lakini mtu anayekimbia namjua."

Miaka yote hiyo nilidhani nilikuwa nimefanya siri.

"Na mimi nilikuonea wivu," akaendelea, bila kuinua sauti, kama anayetaja bei ya chumvi. "Nilikupeleka shule mwenyewe, na kila uliporudi na vitabu nilitamani kuvitia kwenye moto. Siku moja nilikitia kimoja. Ulidhani kililiwa na mbuzi." Akaanza kucheka. "Mbuzi yule alipigwa bure."

"Mama!"

"Nini? Uongo? Kama unautaka huo udaktari wa Bhoke, si ukasome? Nani amekufunga? Mimi nafunga ng'ombe, mtu sijafunga. Haya, shika upande ule, mvua hii si ya kuamini."

Tukaokoa mtama. Hatukuongea tena habari hiyo. Lakini nilipokuwa narudi nilikuwa nafanya hesabu kichwani, hesabu ambayo mwalimu wa hisabati alipaswa kuifanya zamani sana.

PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati za juu, zile wote tunaziita Advance. PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia. Ondoa yanayofanana. Tangu siku ile ya foleni, kati ya Bhoke na mimi hapakuwa na bahari. Lilikuwapo somo moja. Nilitembea na somo moja moyoni kama mtu aliyefukuzwa nchi.

Na wewe ni hivyo hivyo, kwa upande wa pili. Nenda na PCB yako. Hiyo ndiyo njia ya udaktari, na nimeacha kubishana nayo. Uhandisi kwa sehemu kubwa utakudai Advance, na hutakuwa nayo, kwa hiyo mtu atakuambia mlango umefungwa. Haujafungwa, umebakiza somo moja. Huko watakupa na BAM, hisabati ndogo ya watu wa PCB, na wenzako watasema ni ya kusindikiza tu. Ni kweli kwamba haitakupeleka uhandisi peke yake. Lakini usiiache ife, maana mkono uliozoea hesabu ukikaa miaka miwili bila kazi hurudi mzito, nimeuona kwa wanafunzi wengi. Ukifika kidato cha sita na bado unaiota ile mashine iliyofunikwa kitenge, unaweza kuisomea Advance baadaye, ukakaa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na vyuo hubadilisha vigezo, basi usome mwenyewe mwongozo wa mwaka wako. Usichukue neno la shangazi, wala langu.

Kuna jambo moja tu ninalokuomba, na siliombi kwa sababu mimi nimeliweza. Ukijiona unataka kitu kwa nguvu sana, au unakikataa kwa nguvu sana, tazama kwanza nani amesimama mbele yako kwenye foleni. Akiondoka, bado unakitaka? Nilipojiuliza hivyo juu ya Biolojia, nilimwondoa Bhoke, nikamwondoa na bibi, nikakuondoa na wewe. Biolojia ikabaki. Ilikuwa imekaa pale pale mezani, miaka yote.

Wivu haujaniisha. Kesho utapanda basi lile, utapita katikati ya mbuga ukitazama nyumbu dirishani, na mimi nitarudi shuleni kipindi cha pili nina kidato cha tatu, na nitakuonea wivu mpaka Arusha. Nimeacha kungoja uishe. Nimeupa kazi.

Wiki iliyopita, uliponiuliza nimekwenda kufanya nini Mugumu nikasema kununua sabuni, nilikwenda kujisajili. Mtahiniwa wa kujitegemea, kidato cha sita, somo moja: Biolojia. Fizikia na Kemia ninazo. Mwalimu wetu wa Biolojia ameniahidi maabara siku za Jumamosi. Nitakachofanya nikishafaulu sikijui, na kwa mara ya kwanza kutojua hakunisumbui. Mtihani wangu ni Mei ijayo, mwaka mzima kabla ya wako. Safari hii foleni nimetangulia mimi.

Kisha nikampigia Bhoke.

"Wifi," nikasema, "nahitaji mtu wa kunisaidia Biolojia."

"Ya Ghati?"

"Yangu."

"Yako," akasema. Kisha akacheka, kicheko chao kile kile, chako na cha bibi. Nilikuwa nimejiandaa kuumia. "Sawa. Nitakufundisha. Lakini uonyeshe njia."

Nilicheka, Ghati. Kuku walishtuka. Wewe ulikuwa kwa jirani unasukwa, na nilisikitika kwamba hukunisikia.

Basi ukifika shuleni na kufungua tranka, usikitafute kile kitabu kikubwa cha Biolojia alichokuletea shangazi. Nimekitoa leo mchana ulipokuwa kanisani, na tayari nimekipigia mistari kurasa za mwanzo. Bhoke atakutumia kingine. Mahali pake, chini ya mashuka, nimeweka vitabu vyangu viwili vya Advance.

Mama yako,
Rhobi